MBWA WA NYUMBANI AKIMWUMA MTOTO

Katika mashamba ya Njoro, Molo na Subukia, na katika mitaa ya Nakuru yenyewe, watu wengi hufuga mbwa. Mbwa ndiye mlinzi wa boma usiku, mwenzi wa mchungaji mchana, na rafiki wa watoto siku zote. Kwa hiyo, siku anapomwuma mtoto wa nyumba ile ile anayoilinda, wazazi hupatwa na mashaka mawili kwa mara moja: mashaka juu ya mtoto, na mashaka juu ya mbwa.

Wengine hushikwa na hasira, wakamwua mbwa papo hapo na kumtupa korongoni. Wengine husema, "Huyu ni mbwa wetu, twamjua, mtoto ndiye aliyemchokoza," wakafunga jeraha kwa kitambaa na kusahau. Njia zote mbili zina hatari kubwa. Yafaa kila mzazi aelewe sababu yake kabla siku hiyo haijafika, maana ikifika hakuna nafasi ya kujifunza.

UGONJWA UNAOOGOPWA

Hatari yenyewe ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, wala haujaondoka tangu siku hiyo. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 2,000 hufa nao kila mwaka katika Kenya, na katika dunia nzima watu wapatao 59,000. Kati ya kila kumi wanaokufa, karibu wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, wala si na fisi au mbweha wa porini kama wengi wanavyodhani.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimwuma mtu, mate huingia katika jeraha, na virusi huanza safari ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo ni ya polepole. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, na pengine mwaka mzima. Mtoto aliyeumwa usoni, kichwani au mkononi yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa mahali hapo pana mishipa mingi ya fahamu, na kutoka usoni hata ubongo si mbali. Tena mtoto ni mfupi, na uso wake u karibu na kinywa cha mbwa.

Virusi vikisha kufika ubongoni na dalili zikaonekana, yaani mgonjwa kushtuka ovyo, kushindwa kumeza, na kuogopa hata maji ya kunywa, hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya hapo, mtu aliyetibiwa upesi na kwa ukamilifu karibu daima huokoka. Basi miezi ile ya safari ni nafasi ambayo mzazi amepewa, na kuipoteza ni kumpoteza mtoto.

MAMBO YA KUFANYA SIKU ILE ILE

Kwanza, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Maji ya mferejini ni mazuri. Pasipo mfereji, mtu amimine kwa birika au kopo. Sabuni ya kufulia yatosha, kwa maana virusi hivi vimefunikwa kwa ngozi nyembamba ya mafuta, na sabuni huivunja. Watu wengine hutia pilipili, majivu, au mafuta ya taa. Vitu hivi haviui ugonjwa. Huumiza nyama na kupoteza wakati. Hata mkwaruzo mdogo wa jino, au jeraha bichi lililolambwa na mbwa, lioshwe vivyo hivyo.

Pili, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Wa Nakuru mjini wana hospitali kuu ya kaunti, ambayo wengi bado huiita PGH kwa desturi ya zamani. Wa Naivasha, Gilgil na Molo wana hospitali zao. Kama mahali pa kwanza dawa imekwisha, mzazi asirudi nyumbani kungoja, bali aulize inapatikana wapi, aendelee mbele. Mganga atalitazama jeraha na kuchoma sindano ya kwanza ya chanjo, kisha atataja siku za kurudi. Jeraha likiwa la kina, au likiwa usoni, huenda akatia pia dawa nyingine ndani ya jeraha lenyewe, ya kupigana na virusi mpaka chanjo ianze kufanya kazi. Asishangae mzazi ikiwa mganga hatalishona jeraha mara moja. Kushona upesi kwaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi.

Tatu, siku za kurudi zisikosekane. Ni kweli kwamba nauli ya matatu na bei ya dawa ni mzigo kwa mkulima mdogo, na jeraha likianza kupona moyo humwambia kwamba imetosha. Lakini jeraha laweza kupona nje hali virusi vinaendelea na safari yao ndani.

Katika nyumba nyingi yuko mzee atakayesema, "Mwanangu, tungoje kwanza tumwone mbwa huyu." Neno hilo lina busara nusu. Jibu la heshima ni hili: "Baba, ni kweli mbwa atangojwa, lakini mtoto aende leo."

KWA NINI MBWA ASIUAWE HARAKA

Virusi huingia katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya ugonjwa wake kuonekana, na ukisha kuonekana mbwa hufa upesi. Kwa hiyo, mbwa aliyemwuma mtoto akiwa bado mzima kabisa baada ya siku 10, ni hakika kwamba siku ile mate yake hayakuwa na ugonjwa. Hapo mganga aweza kuzisimamisha sindano zilizosalia, na mzazi akapunguziwa gharama. Lakini mbwa akiuawa saa ile ile na kutupwa, ushahidi huo umepotea pamoja naye.

Basi afungwe kwa mnyororo imara au katika chumba, mbali na watoto na mifugo, apewe maji na chakula, na daktari wa mifugo aarifiwe, au chifu. Aliyechanjwa naye afungwe vivyo hivyo, na cheti chake kionyeshwe hospitalini. Lakini cheti peke yake si sababu ya kumwacha mtoto bila matibabu.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: kubadilika tabia, kuuma hata mawe na vijiti, kutangatanga, sauti kubadilika, na mate kutiririka. Lakini wako wengine ambao hawawi wakali hata kidogo. Hunyamaza, hujificha gizani, na taya lao hulegea kama waliokwamwa na mfupa. Watu wenye huruma wamepata kutia mkono kinywani ili kuutoa mfupa usiokuwapo, wakajiambukiza. Ng'ombe mgonjwa pia huonekana kama amekabwa kooni, hulia sana na kutoa mate. Mwenye ng'ombe wa maziwa ajihadhari.

Mbwa akifa katika siku hizo, au akitoroka, mtoto amalize sindano zote. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu wala usizikwe kabla daktari wa mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa ugonjwa hutambuliwa kwa kupima ubongo. Na ikiwa mbwa ni mkali hata hafungiki, wenye kumwua wasimpige kichwani.

BAADA YA SIKU KUMI

Mbwa akionekana mzima, ndipo nyumba ikae kufanya shauri, hasira zikiwa zimepoa. Swali la kwanza ni hili: kwa nini aliuma? Jike mwenye watoto huuma ili kuwalinda. Mbwa aliyevutwa mkia akila, au aliyeshtushwa usingizini, au mwenye kidonda kilichoguswa, huuma kwa maumivu au kwa hofu. Aliyefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa bila maji huwa mkali kwa mateso. Katika mambo haya dawa ni kurekebisha matunzo, na kuwafundisha watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, wala wasimkimbie mbwa mgeni, bali wasimame kimya. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, ajapokuwa mpole namna gani.

Lakini aliyeuma bila sababu, au aliyekwisha kuuma mara kwa mara, hafai tena penye watoto. Daktari wa mifugo aweza kumwua kwa sindano bila mateso. Kumpa mtu mwingine pasipo kumwambia habari zake ni udanganyifu, na kumtupa sokoni au kando ya barabara ni kuihamisha hatari kwa watoto wa wengine.

KINGA

Chanjo ya mbwa ni kazi ndogo kuliko haya yote. Wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba ni ushahidi: mbwa walichanjwa sana tangu mwaka 2010 na ugonjwa ukatoweka, mwaka 2016 ukaingia tena, watu wakarudia kuchanja, na kufikia mwaka 2018 ukafukuzwa mara ya pili. Serikali ya Kenya imeweka shabaha ya kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Chanjo hurudiwa kila mwaka, na watoto wa mbwa nao wachanjwe, kwani mbwa mchanga pia huambukiza.

Lakini mtoto aliyeumwa leo hawezi kungoja mwaka 2030. Kwake yeye yanatakiwa mambo matatu: sabuni na maji, sindano zote kwa siku zake, na mbwa aliyefungwa akitazamwa kwa siku 10. Wenye nyumba wakiyashika hayo, mtoto atakuwa salama, na hata mbwa naye huenda akapona asiuawe bure.