Wakati Ujao wa Karibu katika Kifaransa: Namna ya Kumwambia Mgonjwa Kinachofuata

Mhudumu wa afya hana budi kumweleza mgonjwa anachokusudia kumfanyia kabla hajamgusa. Hiyo ni haki ya mgonjwa, na bila ya maelezo hayo hakuna ridhaa ya kweli. Kiswahili kinatupa kiambishi -ta- kwa kazi hiyo: nitakupima, nitakupiga sindano, tutakulaza. Je, mgonjwa akiwa ni mtu wa Kifaransa tutasema nini? Makala haya yanafundisha umbo moja tu la kitenzi cha Kifaransa, lile linaloitwa "futur proche", yaani wakati ujao wa karibu. Ni umbo jepesi kuliunda, nalo linatosha kwa sehemu kubwa ya maelezo ya kitandani na ya dirisha la dawa.

Haja yenyewe si ya kufikirika. Katika maduka ya Mlandege, si mbali na soko la Darajani, mteja anayeomba dawa huenda akawa mfanyabiashara kutoka Komoro, mtalii kutoka Ufaransa, au mgeni kutoka Kongo au Burundi. Mngazija ataelewana nasi kwa kiasi fulani, kwa kuwa lugha yake ni ndugu ya Kiswahili; hata hivyo, cheti chake cha daktari mara nyingi kimeandikwa kwa Kifaransa. Wala lugha hiyo si ngeni kwa Unguja. Mapadri na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika hapa mwaka 1860 wakaanzisha huduma ya wagonjwa, na mwaka 1891 kamusi ya Kifaransa na Kiswahili ya padri Charles Sacleux ilichapwa papa hapa Zanzibar.

Kuunda

Chukua kitenzi "aller" (kwenda) katika wakati uliopo, kisha ukifuatishe na kitenzi-jina cha tendo unalolikusudia. Kwa mfano, "examiner" ni kupima au kuchunguza:

je vais examiner (zhe ve): nitapima
tu vas examiner (tu va): utapima
il va, elle va examiner (il va, el va): atapima
on va examiner (on va): tutapima, au watu watapima
nous allons examiner (nuzalon): tutapima
vous allez examiner (vuzale): mtapima, pia utapima, kwa heshima
ils vont, elles vont examiner (il von, el von): watapima

Matamshi yaliyo katika mabano ni ya kukaribia tu, na "on" hutoka puani. Kinachobadilika ni "aller" peke yake. Kitenzi cha pili hakiguswi. Kumbuka pia kwamba mgonjwa mtu mzima huambiwa "vous" hata akiwa mmoja. Neno "tu" ni la mtoto, ndugu au rafiki.

Habari njema kwa msemaji wa Kiswahili ni kwamba mpangilio wa maneno ni uleule tuuzoeao. Tulivunje neno "nitakupima": ni-ta-ku-pima. Sasa tazama: je-vais-vous-examiner. "Je" imekaa mahali pa ni-, "vais" mahali pa -ta-, "vous" mahali pa -ku-, na tendo limekuja mwisho. Hata "utajilaza" hufuata njia hiyo: u-ta-ji-laza, "vous allez vous allonger". "Vous" ya kwanza ni mtenda, na ya pili ni -ji-. Anayeshika ulinganifu huu hatasema "je vous vais examiner", kosa linalowapata wanafunzi wengi.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni neno "à". Husemwa "je vais à la pharmacie" (ninakwenda duka la dawa), kwa kuwa hapo kuna safari. Lakini "nitatayarisha dawa" ni "je vais préparer le médicament", bila ya "à". Penye mahali, "à" huhitajika. Penye tendo, hutupwa.

Mtego wa pili ni ukanushi, nao ni wa hatari zaidi. Kiswahili hutanguliza kukana: "hatutakupasua", msikilizaji anajua mapema. Kifaransa hukizungushia kitenzi "aller" maneno mawili: "nous n'allons pas vous opérer". Tena katika mazungumzo ya haraka lile neno la kwanza, "ne", huangushwa, likabaki "pas" pekee. Tofauti ya "on va vous opérer" na "on va pas vous opérer" ni silabi moja fupi. Anayesikiliza aitege sikio silabi hiyo, na asipokuwa na hakika aulize. Anayesema aitamke wazi. Na akitaka kukataza dawa, asitegemee wakati ujao. Aseme "il ne faut pas prendre ce médicament", haifai kunywa dawa hii.

"Anataka kutapika"

Wanaisimu hukihusisha kiambishi -ta- na kitenzi -taka, na -taka yenyewe bado tunaitumia kueleza jambo lililo karibu kutokea. Twasema "mvua inataka kunyesha", ingawa mvua haina matakwa. Vivyo hivyo muuguzi husema "mgonjwa anataka kuzimia" au "anataka kutapika". Msemaji wa Kiswahili akizitafsiri sentensi hizo neno kwa neno, husema "il veut vomir", na Mfaransa hushangaa: nani anayetamani kutapika? Hapa ndipo wakati ujao wa karibu unapofaa hasa: "il va vomir", "elle va s'évanouir".

Mfano wa mzazi unaonesha uzito wa jambo hili. "Elle veut un enfant" maana yake anatamani kupata mtoto. "Elle va accoucher", ikisemwa bila ya kutaja tarehe, maana yake uchungu umefika na mkunga aitwe sasa. Wakati ujao wa kawaida, "elle accouchera en mars", hulitaja jambo likiwa mbali, bila ya dalili yoyote mbele ya macho. Kwa hiyo kinachotenganisha nyakati hizi mbili si urefu wa muda peke yake. "Va" hulifunga jambo lijalo na hali ya sasa: nia imeshakatwa, au dalili zimeshaonekana.

Saa na siku

Wakati ujao hauna faida bila ya saa, na saa zetu hazihesabiwi kama zao. "À huit heures" ni saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. "Dans huit heures" ni baada ya saa nane kupita. Chukua mfano wa ALu, dawa mseto ya malaria inayotumika Tanzania Bara: dozi ya pili hunywewa saa nane baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa aliyekunywa dozi ya kwanza saa nne asubuhi aambiwe: "Vous allez prendre la deuxième dose dans huit heures, à dix-huit heures", yaani saa kumi na mbili jioni. Ukitaja muda wa kupita pamoja na saa yenyewe, kimoja kitamlinda mgonjwa dhidi ya kosa la kingine. Andika pia saa hiyo kwa tarakimu kwenye pakiti: 18 h. Kuhusu siku, fahamu kwamba "dans huit jours" katika mazungumzo ya Kifaransa ni baada ya wiki moja.

Usiahidi usichokimiliki

"Je vais" ni neno la kitu kilicho mkononi mwako. "Je vais nettoyer la plaie", nitasafisha kidonda: hilo unaliweza, liseme. Lakini "vous allez guérir", utapona, ingawa sarufi yake ni sahihi, ni ahadi. Sisi tumezoea kulipunguza neno hilo makali kwa "inshaallah" au "Mungu akipenda". Katika Kifaransa likiachwa peke yake husikika kama jambo la hakika. Afadhali kusema "nous espérons que vous allez guérir", tunatumaini utapona. Vilevile usimwambie mtoto "ça ne va pas faire mal" kabla ya sindano, kwani itauma. Mwambie "ça va piquer un peu", itachoma kidogo. Mgonjwa aliyedanganywa kwa jambo dogo hataliamini neno letu katika jambo kubwa.

Kwa mgonjwa

Nawe msomaji, ukiugua Moroni, Antananarivo au Paris, umbo hili litakufaa. Ukisikia "on va" au "nous allons", elewa kwamba jambo bado halijafanyika. Nafasi ya kuuliza ingalipo. Uliza: "Qu'est-ce que vous allez me faire ?" (mtanifanyia nini?) na "Est-ce que ça va faire mal ?" (itauma?). Kama hukuelewa, sema: "Attendez, je n'ai pas compris", ngojeni, sijaelewa.

Penye kutia saini ya ridhaa au kueleza upasuaji, somo hili halichukui nafasi ya mkalimani. Atafutwe mtu mzima anayezijua lugha zote mbili, wala mzigo huo asitwikwe mtoto wa mgonjwa.

Zoezi

Sema kwa Kifaransa:
1. Nitakupima presha.
2. Hatutakulaza leo.
3. Mtoto anataka kuanguka!
4. Utarudi kesho saa tatu asubuhi.

Majibu:
1. Je vais prendre votre tension.
2. Nous n'allons pas vous hospitaliser aujourd'hui.
3. L'enfant va tomber !
4. Vous allez revenir demain à neuf heures.

Aliyejibu la nne kwa "à trois heures" asome tena sehemu ya saa kabla ya kumwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi kliniki.