Kukatwa Ushuru Si Kupata Nyumba
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu nyumba za bei nafuu nchini Kenya

Kijitabu hiki ni cha kila anayelipa kodi ya nyumba mwezi baada ya mwezi huku akitamani siku moja awe na mlango wake mwenyewe: mwalimu, askari wa ulinzi, mama mboga, fundi wa jua kali, mhudumu wa boda boda. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yenye hadhi. Haki hiyo haimfikii mtu amekaa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa wanakatwa ushuru wa nyumba, jina lao tayari liko kwenye foleni. Sivyo. Ushuru ni jambo moja, kuomba nyumba ni jingine.

1. Ushuru wa nyumba ni nini?

Makato yalianza 2023 kupitia Sheria ya Fedha. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyaharamisha, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba yaliwabebesha mzigo wenye ajira rasmi peke yao. Machi 2024 ikatiwa saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo inawagusa pia wasio na mwajiri.

Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake. Ukipata shilingi 40,000, wewe hukatwa 600, mwajiri hutoa 600, jumla 1,200. Mwajiri anapaswa kuwasilisha fedha hizo ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha. Akichelewa, hutozwa faini ya asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Mwajiri hapaswi kukukata wewe sehemu yake.

Fedha hizi huingia katika hazina ya pamoja ya kujenga nyumba. Si akiba yako, na hutarudishiwa ukistaafu au ukiacha kazi.

2. Nyumba ni za nani?

Sheria imezigawa kwa kipato cha mwezi:

- Nyumba za kijamii: wanaopata chini ya shilingi 20,000.
- Nyumba za bei nafuu: wanaopata kati ya shilingi 20,000 na 149,000.
- Nyumba za tabaka la kati: wanaopata zaidi ya shilingi 149,000.
- Nyumba za bei nafuu za mashambani: kwa maeneo yaliyo nje ya miji.

Taja kipato chako cha kweli. Anayejipunguzia kipato ili aingie kundi la chini anamnyang'anya nyumba mtu wa Mukuru au Kibera asiye na pengine pa kwenda.

3. Nitaombaje?

Jisajili katika mtandao wa Boma Yangu (bomayangu.go.ke). Usipokuwa na simu ya intaneti, nenda Huduma Centre iliyo karibu nawe. Beba kitambulisho cha taifa na nambari yako ya KRA. Ukishafungua akaunti, unaweza kuanza kuweka akiba humo kidogo kidogo kwa ajili ya malipo ya kwanza, kisha uchague mradi na aina ya nyumba.

Kujisajili ni bure. Yeyote anayekuomba "kitu kidogo" ili jina lako lipande juu ni tapeli, hata akiwa amevaa beji. Usimtumie pesa kwa simu na usimpe nywila yako.

4. Piga hesabu kabla ya kutia saini

Bei iliyo kwenye bango si bei utakayomaliza kulipa. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 1,200,000. Ukiweka asilimia 10 kwanza, yaani 120,000, unabaki na deni la 1,080,000 la kulipa kwa miaka 20.

- Kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, utalipa takriban 7,740 kwa mwezi. Ukimaliza, utakuwa umelipa deni hilo kwa takriban 1,857,000.
- Kwa riba ya asilimia 12, utalipa takriban 11,890 kwa mwezi, jumla takriban 2,854,000.

Nyumba ni ile ile, kuta ni zile zile, lakini tofauti ya riba imeongeza karibu shilingi milioni moja. Kwa hiyo uliza riba kwanza, ndipo uulize rangi ya vigae. Uliza pia kiwango cha malipo ya kwanza kinachotumika siku hiyo katika mradi unaoutaka.

Ukipendelea kukopa benki au kwenye Sacco yako, uliza kama wanapata fedha kutoka KMRC, kampuni iliyoundwa 2018 ili kuwapa wakopeshaji fedha za muda mrefu kwa riba nafuu. KMRC haikopeshi mtu mmoja mmoja. Utaipata kupitia benki au Sacco.

5. Baada ya kupewa ufunguo

Nyumba nyingi za mpango huu ni ghorofa, kama zile 1,370 za Park Road, Ngara. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mwenye nyumba ya ghorofa kupata hatimiliki yake. Ngazi, paa, lifti na matangi ya maji ni mali ya wote, na wote huchangia kuvitunza. Ada hiyo iweke kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

Huruhusiwi kumuuzia mtu nyumba hiyo bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Sharti hili lipo ili wenye pesa nyingi wasizinunue kwa mkupuo na kuwarudisha maskini kwenye mabanda.

6. Maswali ya kuuliza

- Je, mwajiri wangu amewasilisha makato? Linganisha hati yako ya mshahara na rekodi zako za KRA.
- Riba ni ngapi, na inaweza kubadilika?
- Nikikosa kulipa kwa miezi kadhaa, itakuwaje?
- Ada ya matunzo ni kiasi gani kwa mwezi?
- Hatimiliki nitaipata lini, na itaandikwa majina ya nani? Wanandoa, andikisheni majina yenu wote wawili.

Fedha za mpango huu zinatoka kwenye jasho lenu. Sheria imeunda kamati za nyumba katika kila kaunti. Hudhurieni mikutano yao na mabaraza ya chifu, mwulize ni nyumba ngapi zinajengwa kwenu, kwenye ardhi ipi, na vigezo gani vinatumika kuzigawa. Asiyekuwa na mtandao, jirani amsaidie kujisajili wiki hii. Mpango wa umma hunyooka pale umma unapoufuatilia.