Vunja Madaraja ya Joto Kabla ya Plasta

Mwezi wa Julai, hapa Kinanie, Mavoko, amka saa kumi na moja alfajiri umulike dirisha la chumba cha kulala kwa tochi. Ukikuta matone yametiririka kwenye fremu ya chuma, ilhali ukuta wa mawe kando yake ni mkavu, umepaona mahali joto lako linapotorokea. Rudi hapo hapo Februari, saa kumi alasiri. Fremu ile ile inachoma, na safari hii joto linaingia.

Wasanifu huita sehemu kama hiyo daraja la joto: chuma au zege lililotoka nje moja kwa moja hadi ndani bila kukatizwa. Nyanda zetu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo daraja moja hutudhulumu mara mbili, mchana kwa jua na usiku kwa baridi. Inaniuma kuona mtu amejinyima miaka akanunua mawe mazuri ya inchi 9, kisha joto likapita kwenye linta ambayo hakuna aliyeifikiria.

Anza na paa, kwa sababu ndilo linalokaa juani tangu asubuhi hadi jioni. Wengi siku hizi hutandika karatasi ya kung'aa chini ya mabati, na fundi huivuta upande wake unaong'aa ukabana kabisa na bati. Hapo pesa zimepotea. Karatasi hiyo ni alumini. Ikigusana na bati hupitisha joto kama bati lenyewe. Inafanya kazi pale tu upande wake unaong'aa unapotazama nafasi tupu ya hewa, angalau sentimita 2. Uelekeze chini, maana upande wa juu utafunikwa na vumbi, na vumbi la Kinanie tunalijua. Kama kenchi zako ni za chuma, weka ubao au kipande cha povu gumu kati ya bati na kila chuma linachokalia. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko mbao, kwa hiyo hata ubao mwembamba una faida.

Baada ya paa, linta na ringi bimu. Zege lenye nondo hupitisha joto zaidi kuliko mawe yetu ya machimbo yenye vitundu, na ringi bimu huizunguka nyumba nzima kama mshipi. Ukuta wa inchi 9 una unene wa karibu milimita 225. Mhandisi wako akiridhika na bimu ya milimita 200, zinabaki 25 upande wa nje, na hapo ndipo pa kusimamisha povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni, ndani ya mbao za kumwagia zege. Zege likikauka, povu limeshika. Usimruhusu fundi apunguze bimu kwa makisio yake ili povu lipate nafasi. Hilo ni la mhandisi peke yake. Juu ya povu pigilia wavu wa kuku uvuke hadi kwenye mawe pande zote mbili, la sivyo plasta itapasuka kwa mstari ulionyooka. Usiliache povu wazi popote: linashika moto upesi na moshi wake ni hatari.

Kofia za zege juu ya madirisha zinapendeza, lakini zikimwagwa pamoja na linta hukusanya jua mchana kutwa na kulipeleka chumbani. Kofia ya bati au mbao, iliyofungwa kwa bolti chache zenye kipande cha ubao nyuma yake, inatoa kivuli kile kile.

Kuhusu madirisha, usidanganyike na mng'ao wa alumini. Fremu ya alumini ya kawaida hupitisha joto zaidi kuliko ya chuma, takriban mara tatu. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa ni bora, na plastiki ngumu pia. Ikiwa chuma ndicho unachokimudu, kiweke katikati ya unene wa ukuta, kisiwe usawa wa nje, ili kipate kivuli. Na matundu ya hewa juu ya dirisha yaache wazi ikiwa mnapika kwa makaa au gesi ndani. Baridi kidogo ni afadhali kuliko hewa yenye sumu.

Wanaojenga kwa paneli za povu zilizowekwa wavu wa waya pande mbili, kama zinazotengenezwa na Shirika la Taifa la Nyumba katika kiwanda chake cha hapa Mavoko, wameanza vizuri. Waangalie tu pale paneli inapokutana na nguzo ya zege au fremu ya mlango, kwa kuwa joto litapita hapo.

Sakafu isikusumbue. Ardhi iliyo chini yake haibadiliki joto upesi, na mchana inakusaidia kupoza nyumba.

Ukitaka kupima nyumba iliyokwisha kujengwa, mkono utakudanganya, kwa sababu chuma huhisika baridi kuliko mbao hata vikiwa na joto sawa. Tumia kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, na kwenye chuma kinachong'aa bandika kwanza kipande cha utepe wa karatasi ndipo upime, maana mng'ao huipotosha namba. Pima alasiri na alfajiri, uandike kwa chaki ukutani kila panapotofautiana na jirani yake.

Kama mawe yako yamefika usawa wa madirisha wiki hii, msimamishe fundi siku moja ukanunue povu. Linta ikishamwagwa, nafasi hiyo haipatikani tena kwa bei ile.