Jua Haki Zako: "Hatuna Mwalimu wa Mtoto Kama Huyu"

Swali: Mwanangu ana miaka saba na ana uoni hafifu. Nilipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza hapa mtaani, mwalimu mkuu aliniambia, "Mama, hatuna mwalimu wa mtoto kama huyu, mtafutie shule ya wasioona." Shule hiyo iko mkoa mwingine. Je, sina budi kukubali?

Jibu: Hapana, mama. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuandikishwa sawa na wenzake, shule iwe ya serikali au ya binafsi. Mahali pake pa kwanza ni shule ya kawaida, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Kama mwanao anasoma herufi zikikuzwa, ana hoja nzito ya kubaki hapo mtaani.

Na hilo la "hatuna mwalimu"? Sheria inataka mtoto asaidiwe na mwalimu mwenye sifa *au* mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Shikilia hiyo "au". Shule ikikosa mwalimu aliyesomea elimu maalumu, tuseme katika Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, bado inaweza kumpangia kazi hiyo mmoja wa walimu iliyo nao.

Wazazi wengi huzungushwa kwa sababu hawajui nani adaiwe nini. Gawanya hivi:

- Mwalimu mkuu: kumwandikisha mtoto na kumpangia mwalimu wa kumsaidia.
- Mwalimu wa darasa: kumkalisha mbele, kuandika kwa herufi kubwa na kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Haya hayangoji stashahada ya elimu maalumu.
- Mwalimu wa elimu maalumu: kuchunguza namna mtoto anavyojifunza, kuandaa zana na kumwelekeza mwalimu wa darasa. Kama yuko shule ya jirani yenye kitengo cha elimu maalumu, omba ushauri wake.
- Afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri: huyu ndiye wa kuulizwa kuhusu walimu na vifaa.
- Mtaalamu wa macho: kueleza mtoto anaona kiasi gani. Karatasi yake imsaidie mwalimu kupanga kazi, isigeuzwe kisingizio cha kumfungia mtoto nje.
- Afisa ustawi wa jamii: kuifuatilia familia iliyokwama, au mtoto anayefichwa nyumbani.

Sasa rudi shuleni na barua fupi: jina la mtoto, tarehe uliyokataliwa, na ombi lako. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Maneno ya mdomo hukanwa, muhuri haukanwi. Usipojibiwa, panda kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri. Sheria hiyohiyo imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, zipelekee nakala. Ikishindikana, lalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Huna fedha za wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Akishapokelewa, hakikisha kumbukumbu za shule zinaonyesha kuwa ana uoni hafifu. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wa namna yake karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa masomo mengine. Shule isipotoa taarifa zake wakati wa usajili, siku ya mtihani atakuta karatasi ya herufi ndogo kama wenzake.

Kwa hiyo, mama, ukirudi kesho usiulize kama wana mwalimu. Uliza ni mwalimu gani atapangiwa mwanao, na lini anaanza.