Sumu ya Mahindi Haiuawi na Moto

Somo la safari hii ni juu ya mahindi. Sisi watu wa Kitui na Makueni, kama si ugali ni isyo, na kama si isyo ni muthokoi. Kwa hivyo jambo hili linamhusu kila mwenye sufuria.

Tukumbuke mwaka 2004. Mahindi yalivunwa mwezi wa pili, na mvua ikanyesha wakati usio wake, kabla hayajakauka. Chakula kilikuwa haba na watu waliogopa wezi. Basi wengi waliyaingiza ndani ya nyumba yakiwa bado na maji, wakayalinda usiku na mchana. Kufikia mwezi wa saba watu 317 walikuwa wameugua katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 wakafariki. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa ugonjwa huo huo, na 12 hawakurudi nyumbani.

Wachunguzi walilinganisha nyumba zilizopata ugonjwa na za majirani wazima. Waliougua walikuwa zaidi wale walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya kwenye ikumbi. Ile nyumba tuliyodhani inalinda chakula ndiyo iliyokiharibu.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Inatengenezwa na ukungu unaoishi kwenye udongo. Mmea ukisumbuliwa na ukame, au punje ikitobolewa na wadudu, ukungu huingia mahindi yakiwa bado shambani. Ukikuta joto na unyevu huzidi. Sumu hii haina ladha wala harufu, na mahindi yanaweza kuonekana mazuri kabisa kumbe inayo. Kuchemsha isyo kutwa nzima hakuimalizi.

Inashambulia ini. Mtu hukosa hamu ya kula, hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba. Wengi hufikiri ni malaria. Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Acha chakula hicho mara moja, mpeleke mgonjwa hospitali, na umwambie daktari mlikula nini. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haugui leo, lakini anajiwekea hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kina mama wanatuuliza juu ya muthokoi. Ni kweli, kukoboa hupunguza sumu, kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Lakini hupunguza tu. Halafu yale makapi tunampa nani? Kuku na ng'ombe! Sumu ikitoka kwenye sufuria inaingia bandani. Dunia iliijua aflatoksini kupitia mifugo: mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Na ng'ombe wa maziwa akila chakula kama hicho, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na mtoto anayanywa.

Katika mkutano mmoja mama alisimama akasema, "Madam, wewe unasema nimwage gunia. Nikimwaga, watoto watakula maneno yako?" Watu walicheka, lakini sisi hatukucheka. Yaliyooza na kubadilika rangi yafukiwe, yasiuzwe wala kupikwa pombe. Na anayebaki bila chakula asikae kimya; aende kwa chifu, na jumuiya ijue. Kumlaumu peke yake hakusaidii. Hata sisi, stoo yetu iliwahi kuvuja tukapoteza magunia tuliyoyapanga sakafuni, na ni sisi tuliokuwa tukifundisha!

Kwa hivyo kazi kubwa iko kabla ya gunia. Usianike juu ya udongo, tandika turubai. Ondoa punje zilizovunjika na zilizotobolewa. Kisha pima kwa chumvi: chukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, tia mahindi kama theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikisa vizuri, kisha acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isiposhika, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, ila ukitia mahindi mabichi humo umeyafungia na adui.

Tangu 2015 Kenya imeruhusu Aflasafe. Hiyo ni mtama uliopakwa ukungu usio na sumu, unaorushwa shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kuchanua, ili ukungu mbaya ukose nafasi. Afisa wa kilimo wa wadi atawaeleza, lakini hata aliyeitumia lazima akaushe.

Ya kuzungumza kikundini:
1. Msimu uliopita mahindi yako yalilala wapi usiku wa kwanza baada ya kuvunwa?
2. Makapi ya muthokoi yanaenda wapi nyumbani kwako?
3. Kama ni wezi wanaotufanya tuvune mapema, kijiji kinaweza kulinda mashamba namna gani?