Nyumba ya Udongo Iliyo Shottery

Wasomaji wenzangu, nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kwamba Waingereza wa kale wote walikaa katika nyumba za mawe, maana vitabu vyetu vya historia vilijaa picha za ngome na makanisa. Nilikosa. Nilipata kujua kosa langu siku nilipofika Shottery, kijiji kilicho yapata maili moja kutoka Stratford-upon-Avon, kuitazama nyumba alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Nilikwenda kwa ajili ya Shakespeare, kama wageni wengine, lakini niliondoka nikifikiri habari za kuta.

Sehemu ya kale kabisa ya nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1463. Chini uliwekwa msingi wa mawe, ili unyevu usiozeshe mti, na juu yake kikasimamishwa kiunzi cha mwaloni. Angalieni werevu wa mafundi wale. Walitafuta mti uliojipinda wenyewe, wakaupasua katikati, wakapata nguzo mbili zenye mpindo mmoja. Waliziegemeza, miguu ikaachana chini na vichwa vikakutana kileleni. Basi uzito wa paa huteremka kwa nguzo hizo mpaka chini, na kuta hazibebi kitu. Ndiyo sababu kuta zenyewe ziliweza kuwa nyepesi: fito zilizosukwa, zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi na majani makavu. Mahali pengine baadaye yalitiwa matofali au mawe. Kiunzi kimeunganishwa kwa vigingi vya mti, na paa limeezekwa kwa majani makavu.

Mwanzoni hapakuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya ukumbi, moshi ukapanda na kujipenyezea njia katika paa. Dari haikuwezekana, maana ingeuzuia moshi. Katika nyumba za namna hii wataalamu hupanda juu kutafuta masizi kwenye miti ya paa. Wakiyaona, hujua kwamba zamani chumba kilikuwa wazi toka sakafuni hadi kileleni. Dohani ilipojengwa ndipo watu walipoweza kutia dari na kulala juu yake. Hivyo masizi ni kama hati ya nyumba.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu. Jiko lake lilikuwa na paa jeusi la namna hiyohiyo, nasi wajukuu tuliliona aibu mbele ya wageni. Mwaka nilipopata mshahara wangu wa kwanza tulilibomoa pamoja na nyumba yake, tukajenga kwa matofali na mabati. Bibi alishukuru. Lakini hatukuipiga hata picha moja nyumba ile, na leo siwezi kuwaeleza watoto wangu nguzo zake zilisimama vipi.

Turudi Shottery. Ukoo wa Hathaway kwanza walikuwa wapangaji tu. John, babu yake Anne, alikuwamo mwaka 1543. Baba yake, Richard, alifariki mwaka 1581, akamwachia Anne katika wasia pauni 6, shilingi 13 na peni 4, apewe siku ya arusi yake. Mwaka 1582 Anne aliolewa, naye alikuwa na miaka 26 hivi, bwana arusi 18. Wengi hulijadili hilo, mimi naliacha. Mwaka 1610 nduguye, Bartholomew, aliinunua nyumba. Iliendelea kuongezwa hata ikawa na vyumba 12, kwa hiyo wanaoiita kijumba wanaidunisha. Ilikuwa nyumba ya shamba kubwa, na jina lake lilikuwa Newlands.

Baadaye umiliki ulimtoka mikononi ukoo huo, lakini waliendelea kukaa kwa kupanga. Mwaka 1892 ilinunuliwa na shirika linalotunza nyumba za Shakespeare. Hawakumtoa Mary Baker, mama mzee wa ukoo uleule. Alibaki humo akiwaonyesha wageni vyumba vya wazee wake. Naona hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote, kwa kuwa hakuna karatasi inayojua nyumba kama mtu aliyeifagia.

Mwaka 1969 moto uliteketeza sehemu ya nyumba. Mafundi waliitwa, wakairudishia majani, si mabati.