Klachi Isiyoachia: Ukaguzi Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Mteja afikaye gereji na gari lisiloingia gia huambiwa mara nyingi kwamba klachi imekwisha na gia boksi haina budi kushushwa. Huenda fundi asema kweli. Lakini ikiwa klachi ya gari hilo huendeshwa kwa mafuta, tunamshauri mlaji asikubali gharama hiyo kabla ya ukaguzi wa dakika chache, kwani kasoro yaweza kuwa ni kipira kilicholika ndani ya masta.

Dalili mbili huchanganywa. Klachi iliyokwisha huteleza: injini huunguruma, hasa mlimani, ilhali mwendo hauongezeki. Klachi isiyoachia ni jambo jingine. Gia hukwaruza au hukataa kuingia injini ikiwaka, lakini huingia bila taabu injini ikizimwa. Pedali ikiwa laini pia, au ikibaki chini, tushuku mafuta kwanza.

Mguu ukikanyaga pedali, masta ya juu husukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi masta ya chini, nayo husukuma mkono wa klachi. Mafuta hayabanwi, upepo hubanwa. Upepo ukiingia, nguvu ya mguu hupotea humo. Ndiyo maana gia ikikubali kuingia baada ya kupampu pedali mara kadhaa, inafaa kutafuta upepo au uvujaji.

Tazama kikopo cha mafuta. Kisha papasa nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye masta ya juu, na umwombe fundi afunue kipira cha vumbi cha masta ya chini. Unyevu mahali hapo ni ushahidi. Pakiwa pakavu pote, lakini pedali ikazama polepole inaposhikiliwa, masta ya juu huenda inavuja kwa ndani.

Baada ya kubadilisha masta hutolewa upepo: mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua nipo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa, hadi mapovu yakome. Kikopo kisiachwe kikauke. Yatumike mafuta ya breki ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa, maana hunyonya unyevu wa hewa. Oili ya injini huvimbisha vipira, na aliyeokoa fedha kidogo hurudi kununua masta zote mbili.

Kuna magari ambayo masta ya chini imefichwa ndani, kuzunguka shafti ya gia boksi. Hapo kushusha ni lazima, na si ulaghai. Hata hivyo, dai makadirio ya maandishi kabla ya kazi, yakitenganisha bei ya vipuri na ufundi, na uombe kurudishiwa kipuri cha zamani pamoja na risiti.